Ukinyimwa Fidia ya Ulemavu Uliopatia Kazini: Pingamizi na Rufaa

Matini ya mazungumzo yetu na wafanyakazi wa viwandani na jamaa zao



Tunawashukuru kwa kutupa asubuhi yenu ya Jumamosi, siku ambayo wengi wenu mngekuwa mmepumzika. Mada tuliyoombwa kuizungumzia ni hii: mtu ameumia kazini, amebaki na ulemavu, ameomba fidia, kisha akaambiwa hapana. Au hakuambiwa hapana, bali amekadiriwa asilimia ndogo mno kiasi kwamba fedha zote zitaishia kwenye deni la hospitali. Afanye nini, na afanye lini? Tutakaa zaidi kwenye swali la pili, kwa sababu haki hii ina muda wake, na muda huo haumsubiri mgonjwa apone.

Sheria tunayoizungumzia ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi mnaifahamu kwa jina la WIBA. Chini ya sheria hii, mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba ajali ilitokana na kazi, na ilimpata akiwa katika kazi hiyo. Badala yake, sheria imefunga njia ya kumshtaki mwajiri moja kwa moja kwa ajali hiyohiyo. Chama cha Wanasheria kilipinga jambo hilo, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 3 Desemba 2019 mahakama hiyo ikaamua kwamba zuio hilo lisimame. Kwa hiyo akikujia mtu wodini akikuahidi kwamba kesho atampeleka mwajiri wako kortini ulipwe mamilioni, muulize kwanza kama habari hiyo imemfikia. Madai ya fidia huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi zake zilizoko katika kaunti, zile ambazo wengi wetu tungali tunaziita ofisi za leba.

Sasa tuje kwenye barua. Unapopokea barua ya kukataliwa, usianze kwa kusoma sababu. Anza kwa kuangalia mambo mawili: imetoka kwa nani, na imeandikwa tarehe ngapi. Watu wengi huja kwetu wakisema “bima imekataa”, wakidhani mambo yamekwisha. Kampuni ya bima si hakimu. Ilichukua fedha za mwajiri ili ilipe badala yake, na inapokataa inatoa msimamo wake tu, kama vile mdaiwa anavyoweza kukana deni. Ndivyo ilivyo pia kwa barua ya meneja wa wafanyakazi. Barua hizo hazimalizi haki yako. Hatari yake ni nyingine: zinakufanya ukae. Unaambiwa urudi wiki ijayo, kisha mwisho wa mwezi, kisha faili limekwenda makao makuu. Nawe unaendelea kusubiri kwa adabu, huku miezi kumi na miwili ikikaribia kwisha. Madai ya fidia yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Na ikiwa mfanyakazi amefariki, ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Hakuna mahali ambapo sheria inasema siku husimama kwa sababu mlikuwa mkizungumza na bima.

Kwa hiyo ikiwa aliyekataa ni mwajiri au kampuni ya bima, na jambo halijafika kwa Mkurugenzi, hapo hapana cha kukatia rufaa. Kinachotakiwa ni kulifikisha. Mwajiri anapaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu alipopata habari. Ajali iliyoua inatakiwa ijulikane ndani ya saa 24. Asiporipoti, nenda mwenyewe, au mtume mkeo, mumeo, au ndugu yako. Na kama hukumwarifu mwajiri kwa wakati kwa sababu ulikuwa umelazwa hujitambui, sheria imeliona hilo: ukithibitisha kwamba mwajiri alijua habari za ajali kwa njia nyingine wakati ule ilipotokea, kutoripoti kwako hakukunyimi fidia. Msimamizi wa zamu aliyekupakia garini kukupeleka hospitali ni shahidi wa jambo hilo. Jina lake liandikwe mapema, kabla hajahamia kiwanda kingine.

Hali ya pili ni pale Mkurugenzi amekwisha kukadiria fidia na kuyafikisha madai kwa mwajiri au kwa kampuni yake ya bima, lakini fedha hazilipwi. Sheria inawapa siku 90 kulipa. Zikipita, na mwenye kuchelewesha ni kampuni ya bima, njoo kwetu na nakala ya makadirio hayo, kwa kuwa kampuni za bima ziko chini ya usimamizi wetu na tunaweza kuzitaka zijieleze. Tusiwadanganye lakini: hatuna uwezo wa kuongeza asilimia uliyopewa, wala kutengua uamuzi wa Mkurugenzi. Anayetaka hilo ana njia yake, nayo ndiyo hali ya tatu.

Hali ya tatu ni pale Mkurugenzi mwenyewe ameamua, na uamuzi haukukuridhisha. Hapo unaandika pingamizi, na unalipeleka kwa Mkurugenzi huyohuyo. Wapo wanaoshangaa: iweje nimpelekee malalamiko yule yule aliyenikatalia? Mshangao huo tunauelewa, ila ngazi hii hairukwi. Muda ni siku 60, na hapa tunaomba msikilize vizuri: sheria inazihesabu tangu uamuzi ulipotolewa. Ikiwa uamuzi ulitolewa tarehe 3 na barua ikalala wiki tatu katika ofisi ya mwajiri kabla hujaitwa kuichukua, usijihesabie siku 60 tangu ulipoishika. Hesabu tangu tarehe iliyo kwenye barua, na hutakosea. Mkurugenzi akishapokea pingamizi lako, anatakiwa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akibadilisha uamuzi au akiushikilia, na atoe sababu. Jibu hilo lisipokuridhisha, una siku 30 tangu ulipolipokea kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hizi za mwisho ndizo zinazoanza siku ya kupokea. Basi siku hiyo iandike juu ya barua yenyewe, na bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe.

Pingamizi lina fomu yake, na huambatishwa maelezo mafupi ya mambo yalivyokuwa na ya kile unachokitaka. Mafupi, ndugu zetu. Hatutaki mwandike jinsi mwajiri alivyo mtu mbaya. Kila sababu iliyotolewa ya kukukatalia ijibiwe peke yake, na kila jibu liwe na karatasi nyuma yake.

Ukiambiwa hukuwa mfanyakazi bali kibarua tu, jibu ni kwamba sheria hii inautambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo, na hata malipo yakiwa ya siku au ya kazi iliyokamilika. Orodha ya mahudhurio, kitambulisho cha langoni, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yakiingia kila Ijumaa kutoka nambari ileile: hizo ni karatasi zinazosema. Ukiambiwa ajali ilitokea barabarani na si kiwandani, tazama ulikuwa umepanda gari gani. Gari likiwa limetolewa na mwajiri kwa ajili ya kuwaleta wafanyakazi kazini au kuwarudisha nyumbani, safari hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Matatu uliyoilipia nauli mwenyewe haimo katika kanuni hiyo. Ukiambiwa ulivunja maagizo, huo si mwisho pia, maadamu ulichokuwa ukikifanya kilikuwa kwa ajili ya shughuli za mwajiri. Utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa ni jambo jingine, na hata huo hauzuii fidia pale ulemavu ulipokuwa mkubwa au mtu alipofariki.

Lakini mabishano mengi hayahusu kama utalipwa. Yanahusu utalipwa kiasi gani, na hapo ndipo tungependa kukaa kidogo.

Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, kisha huchukuliwa asilimia ya ulemavu wako, ndani ya kiwango cha chini na cha juu kinachowekwa na waziri. Aliyepoteza mikono yote miwili, au kuona kabisa, yuko kwenye asilimia 100. Majeraha mengine yana asilimia zake katika Jedwali la Kwanza la sheria. Basi kuna namba mbili tu za kuchunguza, mapato na asilimia, na kila moja inaweza kuwa na kosa.

Tuanze na mapato. Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 20,000, ambaye kila mwezi, bila kukosa, hupata shilingi 6,000 za saa za ziada. Mwajiri ameandika 20,000 kwenye fomu. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Kwa ulemavu wa asilimia 10 atapata 192,000. Lakini sheria inayahesabu malipo ya saa za ziada ambayo ni ya kawaida kuwa sehemu ya mapato, pamoja na thamani ya chakula au makao anayopewa na mwajiri. Yanayoachwa nje ni ya mara mojamoja. Mapato yakiandikwa 26,000 kama inavyostahili, miezi 96 inakuwa shilingi 2,496,000, na asilimia 10 yake ni 249,600. Shilingi 57,600 zimepotea katika mstari mmoja wa fomu, bila mtu yeyote kukataa chochote. Hiyo ndiyo sababu tunasema hati za mshahara za miezi ya nyuma zitunzwe nyumbani, si kwenye kabati la kazini.

Kisha asilimia. Daktari huandika alichokiona, na aghalabu huandika kifupi: kidole cha shahada kimekakamaa. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayasemi kwamba mgonjwa ni fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo cha Athi River, na kwamba bila kidole hicho hawezi kuongoza kitambaa chini ya sindano. Sheria imempa Mkurugenzi uwezo wa kuweka asilimia iliyo juu ya ile ya Jedwali pale jeraha linapokuwa na athari nzito isivyo kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mtu. Uwezo huo hautumiki ikiwa hakuna aliyemweleza. Kwa hiyo unaporudi kwa daktari, usimwombe akuongezee asilimia. Daktari makini atakasirika, na ana haki. Mwombe aandike usichoweza kufanya: kushika, kuinua, kusimama kwa zamu nzima, kupanda ngazi. Mweleze kazi yako kwa vitendo. Ukiweza kupata maoni ya daktari wa pili, bora yule wa mifupa au wa macho kulingana na jeraha, yaambatishe, hasa yakieleza kwa nini yanatofautiana na ya kwanza. Wala usizidishe. Anayedai hawezi kunyanyua kikombe, kisha akaonekana akibeba jerikeni, hupoteza hata kile alichostahili.

Yote hayo yawekwe kwenye pingamizi, yasisubiri rufaa. Mahakama katika rufaa inauangalia uamuzi kwa kufuata yale yaliyokuwa mbele ya Mkurugenzi, na karatasi uliyoiacha sandukuni nyumbani haikuwa mbele yake.

Wakili anasaidia, lakini si lazima. Katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi mtu anaweza kujisimamia, au akawakilishwa na afisa wa chama chake cha wafanyakazi. Wenye kulipa ada ya chama kila mwezi wasione haya kukidai chama kazi hiyo. Asiye na uwezo anaweza kuiendea Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kuhusu madalali wanaozunguka hospitalini wakitaka theluthi ya fidia kwa kujaza fomu, tutasema tu kwamba fomu za ofisi ya leba hujazwa bila wao.

Jambo moja kuhusu saini. Kampuni ya bima inapokuletea hundi, huja na hati ya kukiri kwamba umelipwa na huna dai jingine. Kama ungali na pingamizi au unakusudia kuliweka, usitie saini hapohapo kwenye kiti cha mapokezi. Omba nakala, nenda nayo, mtu akusomee kwa lugha unayoielewa vizuri. Kampuni inayokataa kukupa nakala ya hati unayotakiwa kuitia saini, hilo tunataka kulisikia siku hiyohiyo.

Tutapokea maswali sasa. Waliokuja na barua, wenzetu wawili wako kwenye meza iliyo karibu na mlango. Watakuonyesha imetoka kwa nani, watahesabu pamoja nawe siku zilizobaki, na watakuandikia tarehe ya mwisho kwenye karatasi. Barua yenyewe tutainakili na kukurudishia hapohapo. Usimwachie mtu yeyote, hata sisi.