Nyumba Mbili, Mtoto Mmoja: Mgeni Anapotaka Kuasili na Wajibu wa Kijiji

Mada kwa semina ya wenyeviti wa vijiji, watendaji na kamati za ulinzi wa mtoto, Ihembe

Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania hashuki uwanja wa ndege Ijumaa akaondoka na mtoto Jumatatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amekwisha kumlea mtoto huyo kwa muda chini ya usimamizi wa ofisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, alete maoni ya mamlaka ya ustawi ya nchi yake, na airidhishe mahakama kwamba kwao uamuzi huo utatambuliwa. Na yote hayo yafanyike pale tu mtoto anapokosa familia ya kumlea hapa hapa nchini. Amri ni ya Mahakama Kuu, ambayo kwa mtu wa Karagwe au Kyerwa maana yake ni safari ya Bukoba.

Ndiyo maana nyumba inayomsubiri mtoto, kwa sheria yetu, haiko ng'ambo. Ni ya daktari wa hospitali ya misheni, mwalimu au mtaalamu wa mradi anayeishi katikati yetu. Ofisa ustawi akibisha hodi pale, rangi ya ukuta na midoli havimshughulishi sana. Atauliza mtoto atalala wapi na nani, neti ipo, maji yanatoka wapi, mwenye nyumba akienda kazini nani anabaki na mtoto. Kisha atavuka barabara aulize majirani.

Yapo pia maandalizi yasiyo na fomu. Mtoto wa Ihembe aliyezoea Kinyambo na ndizi za kupikwa na maharage akihamia kwa mtu asiyejua hata kumwambia "lala", usiku wa kwanza utakuwa mrefu kwa wote wawili. Mgeni makini huitumia miaka yake mitatu kujifunza lugha, kuwafahamu ndugu wa mtoto kwa majina, na kuhifadhi picha za nyumbani kwao.

Wapo wanaolalamika kwamba miaka mitatu ni mingi mno. Watazame ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda. Kabla ya mwaka 2016, wageni wengi huko walipita mlango wa pembeni: waliomba ulezi wa kisheria tu, wakasafiri na mtoto, kisha wakamalizia kuasili kwao. Familia moja ya Ohio, Marekani, ilimpokea msichana wa miaka sita kwa njia hiyo mwaka 2015. Alipokishika Kiingereza, akawaeleza kuwa mama yake yu hai na alikuwa akimlea vizuri. Mama huyo alidhani mwanawe amepelekwa kusoma. Mwaka uliofuata akarudishwa kwa mama yake. Wakala aliyehusika, European Adoption Consultants, alifungiwa na Serikali ya Marekani Desemba 2016, na mwaka 2020 waendesha mashtaka wa huko wakafungua kesi ya jinai kuhusu watoto waliotolewa Uganda. Bunge la Uganda lilikuwa limekwisha kuuziba mlango ule na kumtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto mwaka mzima kwanza.

Familia ile ya Ohio ilijiandaa kwa kila hali. Upande ambao haukuandaliwa ni ule wa mama.

Karagwe haihitaji kuazima somo hili. Mwaka 1994 wilaya ilipokea wakimbizi wa Rwanda, wakiwamo watoto waliopotezana na wazazi njiani. Msimamo wa UNHCR ulikuwa kwamba mtoto wa namna hiyo asiasiliwe maadamu lipo tumaini la kupata ndugu zake, na kwamba utafutaji upewe angalau miaka miwili. Watoto wengi walioonekana hawana mtu walikuwa na mtu.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na tangu hapo bibi wengi wamelea wajukuu. Bibi mwenye kibanja na nguvu za kupika ni familia. Anachokosa mara nyingi ni sare, daftari na nauli ya kliniki, na hayo hayatibiwi kwa kumpeleka mjukuu Ulaya.

Kwa mila zetu mtoto hulelewa na shangazi au na rafiki wa ukoo, akabaki wa ukoo wake. Amri ya mahakama haiko hivyo: haki na wajibu wa wazazi wa kuzaa hukoma, na mtoto huhesabiwa, hata katika urithi, kana kwamba amezaliwa na aliyemuasili. Mzee anayeweka dole gumba akiamini kijana atarudi na digrii kumjengea nyumba hajaridhia kitu. Amedanganywa, hata kama hakuna aliyekusudia.

Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi, hivyo barua ya mtendaji isemayo "hana ndugu" inaweza kusafiri mbali sana bila mtu kuihoji. Kwa hiyo, ndugu wenyeviti na watendaji, msiiandike kabla ukoo wa baba na wa mama haujaitwa, ukasomewa kwa Kinyambo kitakachokoma, na ofisa ustawi akiwa ameketi hapo. Ndugu wakiwa Uganda au Rwanda, watafutwe huko kwanza.