Zimwi Likujualo: Filamu-Diwani za Kutisha na Vijana Wenye Kamera za Simu

Mhadhara wa umma uliotolewa mjini Isiolo

 

Nilikulia mtaa wa Bulla Pesa, enzi ambazo lami iliyotoka Nairobi ilifika Isiolo ikakoma. Mbele yetu kulikuwa na vumbi mpaka Moyale. Usiku tuliwasikia fisi, na sisi watoto tulikusanyika uani kusimuliana. Mama jirani, Msomali, alianza kwa kuita "sheeko sheeko", kisha akatuletea Dhegdheer, mwanamke mwenye sikio refu, mla watu, anayesikia nyayo zako ukiwa mbali. Mzee mmoja alitusimulia Qori Ismaris, anayejisugua kwa kijiti magharibi akageuka fisi, na kabla ya alfajiri akajisugua tena akarudi mtu. Kijana aliyewahi kuishi Mombasa alituletea mwanamke mzuri wa sura, ambaye ukitazama chini unaona kwato. Kila msimulizi alipomaliza, mwingine alipokea. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba zimwi lake si la hapa.

Jioni zile ndizo zilizonifikisha kwenye mada ya leo: filamu ndefu za kutisha zinazoundwa kwa filamu fupi za watu mbalimbali, na hasa zile zinazofungua mlango kwa watengenezaji wa ridhaa. Nitaziita filamu-diwani, kwa mfano wa diwani ya mashairi. Kila shairi lina mwanzo na mwisho wake, lakini ukilisoma kati ya mengine linapata maana ambayo peke yake lisingekuwa nayo.

Umbo hili si geni. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliokoa maisha yake kwa hadithi ndani ya hadithi. Katika sinema, mfano ulio mashuhuri ni Dead of Night, iliyotolewa Uingereza mwaka 1945 na waongozaji wanne. Wageni katika nyumba ya shamba wanasimuliana yaliyowakuta, na mmoja wao anahisi kwamba mkutano huo amekwisha kuuota. Mwishoni hadithi mama inayozibeba nyingine, iliyoonekana kuwa kamba tu ya kufungia kuni, inageuka kuwa yenyewe ndiyo ya kutisha. Japani, Masaki Kobayashi aliunganisha hadithi nne za mizimu katika Kwaidan, mwaka 1964. Nigeria, waongozaji watatu wa kundi la Surreal16 walitoa Juju Stories mwaka 2021.

Lakini kwa vijana waliokaa hapa mbele, mfano wa kushika ni The ABCs of Death ya mwaka 2012. Waongozaji 26 walipewa kila mmoja herufi moja ya alfabeti ya Kiingereza na takriban dola 5,000. Herufi T iliachwa wazi ishindaniwe na yeyote. Aliyeshinda, Lee Hardcastle wa Uingereza, alifinyanga vikaragosi vya udongo na kusimulia habari ya mtoto anayeogopa choo. Nani kati yetu aliyesoma shule ya bweni hakijui choo hicho? Filamu ya pili, ya mwaka 2014, ilifungua herufi M, na kazi zilizotumwa zikawa nyingi kiasi kwamba mwaka 2016 ilitoka filamu nzima, ABCs of Death 2.5, yenye filamu fupi 26, zote za herufi hiyo moja. Kwa Kiswahili tungeanza na mzimu, mzuka, mchawi, mwanga, msukule, maiti na makaburi, na bado tungekuwa na akiba.

Kwa nini utisho unamfaa asiye na mtaji? Kwa sababu giza halina bei, na kinachotisha zaidi ni kile ambacho hakijaonekana. Katika Cat People ya mwaka 1942, mwanamke anatembea usiku, nyayo zinamfuata, kisha nyayo zinanyamaza. Ghafla basi linaingia kwa mlio wa breki na watazamaji wanaruka vitini. Chui aliyehofiwa hakuonekana. Nyinyi mnaoishi kando ya barabara ya Moyale mnazijua breki za malori usiku. Kamera ya simu gizani hutoa picha yenye chengachenga, kwa hiyo iachieni sauti ifanye kazi: upepo, kengele ya ngamia ambaye hayupo, mlango wa bati. Tena hofu haidumu. Ukiivuta kwa saa mbili bila ustadi mkubwa inachuja, lakini dakika saba mtu wa ridhaa anaweza kuzishika. Na katika diwani, kazi dhaifu hubebwa na jirani yake yenye nguvu, kama tunavyobebana kwenye harambee.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja. Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta kwa kamera za video, na watu wakazitazama majumbani na vibandani. Uganda, mwongozaji Nabwana I.G.G. wa Wakaliga ametuonyesha mtaa wa mabanda ukiwa studio. Halafu mwaka 2021 UNESCO na Netflix walitangaza shindano la waongozaji chipukizi wa Afrika kusini mwa Sahara, ambao wangepewa kazi ya kuzifanyia upya ngano zetu. Maombi zaidi ya 2,000 yalipokelewa, wakateuliwa sita, na filamu zao zikatoka pamoja Machi 2023. Kila filamu ilitengewa dola 75,000, kwa hiyo siwezi kuziita za ridhaa, ila umbo lake ni la uani kwetu: wasimulizi sita, nchi sita, wengine wakija na jini, wengine na zimwi.

Kenya iliwakilishwa na Voline Ogutu, katika Anyango and the Ogre. Otis, mvulana wa miaka 13, anawasimulia wadogo zake ngano ya zimwi kabla ya kulala. Polepole anatambua kwamba zimwi la ngano linaishi katika nyumba yao wenyewe. Loukman Ali wa Uganda naye, katika Katera of the Punishment Island, anatupeleka kwenye kisiwa alikotupwa mwanamke, na aliyemsababishia kutupwa huko ni mwanamume mwenye nguvu katika jamii ileile. Nawaomba mzingatie kwamba wote wawili walipolitafuta zimwi hawakuvuka mpaka kwenda kwa watu wengine. Walitazama ndani ya boma lao.

Hapa ndipo lilipo neno langu la leo. Isiolo tunaishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine. Tunajuana kwa idadi ya mifugo, kwa malisho na kwa kura. Tumezikana, tumeibiana ng'ombe, tumeoana. Lakini usiku, jirani yako anaogopa nini? Kinachomtisha mtu ni siri ya ndani. Akikusimulia, amekuamini. Filamu-diwani ndiyo umbo ninalolijua linaloruhusu kila jamii kusimulia hofu yake kwa kinywa chake, bila mmoja kuwasemea wote.

Lakini umbo hilihili linaweza kutuua. Zimwi likivishwa shuka la jirani, likapewa lafudhi ya jirani, hiyo si sanaa tena, ni kuni za vita vijavyo. Basi kanuni ya kwanza iwe ile ya Ogutu: kila mtu alete zimwi la kwao. Kanuni ya pili, kuna hofu ambazo si za kuchezewa. Kati ya mwaka 1963 na 1967, wakati wa vita vya Shifta, watu wa kaunti hii walizungushiwa ua kambini na mifugo yao ikateketea. Waborana huita kipindi hicho daaba. Waliokiishi bado wako nasi. Habari hiyo isigeuzwe mshtuko wa sekunde mbili. Wenyewe waulizwe kwanza, na wakitaka kusimulia, kamera itulie iwasikilize.

Kanuni ya tatu ni ya makaratasi. Sheria yetu ya filamu, Sura ya 222, inadai kibali cha kurekodi, kwa hiyo kiombeni mapema. Na majina yenu yaandikwe kwenye kazi. Mwaka 1968 vijana wa Pittsburgh walitoa Night of the Living Dead. Jina la filamu lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki likaachwa nje, na filamu iliyotazamwa dunia nzima ikawa mali ya kila mtu, huku waliotoa jasho wakipoteza haki yao.

Napendekeza basi tuanze na filamu sita za dakika saba: Bulla Pesa, Garba Tulla, Merti, Kinna, Oldonyiro na Ngare Mara. Kila moja iwe kwa lugha ya mwenye nayo, na Kiswahili kiandikwe chini ya picha. Hadithi mama naiona hivi: mvua imenyesha milimani, Ewaso Ng'iro umefurika, na abiria wa lori wamekwama ng'ambo usiku kucha. Hawajuani. Wanaketi wakiwa wameegemeza migongo yao kwenye lori, kila mmoja akimchunga mwenzake kwa jicho la pembeni, mpaka mmoja anauliza: na wewe, unaogopa nini?

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeishi na methali hiyo miaka mingi, na sasa naisoma kutoka upande wa pili pia: zimwi unalolijua halikumalizi. Nitoe ushahidi wangu. Mimi ni mtoto wa Kimeru. Nyumbani kwetu hapakuwa na Dhegdheer, wala bibi yangu hakupata kumsikia. Hata hivyo, zimwi lililonifanya nijifunike blanketi mpaka kichwani, nikihesabu nyayo za nje, lilikuwa la Kisomali. Nililipokea kwa mama jirani, uani, nikiwa nimemshika mkono mwanawe. Hadi leo nikisikia hatua usiku nje ya dirisha, hulikumbuka sikio lile refu, kisha nikaukumbuka mkono ule.