Mastiki isilale kwenye mvua
(Maneno ya kundi la gareji kwenye mkutano wa wanachama, Uvira)



Mliuliza juu ya nini sisi wa gareji tunaomba mabati na apre mbele ya kompresa. Tunajibu.

Hapa Uvira, ukitoa Juni mpaka Agosti, mvua inaanguka saa inayotaka. Na gari ya mteja haimaliziki siku moja. Mwenye taksi analipa kidogo kidogo: leo pesa ya mastiki, juma lijalo pesa ya rangi. Katikati hapo gari inasimama kiwanjani, mastiki iko wazi.

Mastiki ikishakauka inaonekana ngumu kama jiwe, lakini imejaa unga wa talki, inakunywa maji. Maji yanashuka mpaka kwenye bati la gari, kutu inaanza kule ambako jicho halifiki. Ukipiga rangi juu yake itang'aa, mteja atafurahi. Kisha miezi michache rangi inafura malengelenge. Tumepokea gari za namna hiyo toka kwengine: mastiki inabanduka kipande kizima, nyuma ni kutu tupu.

Wengine wanasema tufunike na shitingi, zile tulizorudi nazo kambini. Sawa, kwa usiku mmoja, ikiinuliwa juu ya miti. Ikilalia gari yenyewe, unyevu unabaki chini yake na asubuhi unakuta maji vilevile. Gazeti na skochi ni mbaya zaidi, zinashika maji palepale.

Kinachofunga kweli ni apre ya epoksi, ile inayochanganywa na dawa yake ya kukausha. Ile rahisi ya mkebe wa kupuliza inapitisha maji. Kwa hiyo mtu asianze mastiki kama apre haiko mkononi, na asugue kwa msasa mkavu, si wa maji. Ikinyeshewa kidogo, tunaikausha chini ya paa siku kadhaa, tunasugua, tunafunga. Ikilala mvuani majuma, tunaitoa yote mpaka bati jeupe, hata mteja akikasirika.

Na kazi ikirudiwa, nani analipa? Ni mfuko uleule unaotutibu na kutuzika. Kompresa tunaweza kukodi kwa jirani. Paa la kukodi haliko.

Tunaomba basi mabati ya nafasi ya gari mbili, na apre isiyokosa ndani ya gareji. Miti tumekwisha kuisimamisha.