Msandali: Harufu Nzuri, Hasara kwa Kijiji

Kinachotafutwa kwenye msandali ni harufu inayokaa. Mafuta yake hutolewa kwa mvuke kutoka kiini cha shina na mizizi. Watengenezaji wa manukato huyachanganya na harufu nyepesi, kama za maua, ili zishike kwenye ngozi kwa saa nyingi. Wengine huyatia katika mafuta ya kukandia mwili, au huyapasha moto kidogo chumbani ili akili itulie. Hata hivyo, hayachukui nafasi ya matibabu, hayanywewi, wala hayapakwi kabla ya kuchanganywa na mafuta mengine, kwa mfano ya nazi.

Msandali maarufu duniani ni wa India. Ulipoadimika, wanunuzi waliugeukia wa Afrika Mashariki, unaomea katika nyanda kavu za Samburu, Baringo, Kajiado na kwingineko. Taabu ilianzia hapo. Kwa kuwa mizizi ina mafuta, mwizi hakati tawi. Huung'oa mti mzima, na hakuna kisiki cha kuchipuka tena. Isitoshe, kuna msandali dume na msandali jike. Jike akibaki bila dume karibu, hazai mbegu. Tena mti huu hujilisha kwa sehemu kupitia mizizi ya miti jirani, kwa hivyo mche ukipandwa peke yake hudhoofika.

Ndiyo maana serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka wa 2007. Mwaka wa 2013 msandali wa Afrika Mashariki uliwekwa chini ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini.

Kijana anayeng'oa hulipwa kidogo, na akikamatwa ndiye anayesimama kizimbani. Tajiri aliyemtuma yuko mbali. Mbuzi wa kijiji hukosa kivuli, na shimo lililoachwa huwa njia ya mmomonyoko mvua inyeshapo.

Anayeona magogo yakipakiwa usiku amjulishe chifu, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) au Shirika la Wanyamapori (KWS). Anayetaka kupanda amwone kwanza afisa wa misitu, apewe ushauri kuhusu miche na miti ya kuandamana nayo.

Mchimba kisima hungoja maji. Mpanda msandali naye angoje miaka.