Kura ya Mzee Muliro



Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 upande wa Kimilili, akasomea Cape Town, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Hayo mnayajua. Napenda tukae kidogo na mwaka 1975. J.M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alikuwa ameuawa, na kamati teule ya Bunge ikaleta ripoti isiyoipendeza Serikali. Muliro alikuwa Waziri; desturi ilimtaka apige kura na wakubwa wenzake. Yeye aliiunga mkono ripoti, akafutwa uwaziri. (Wangapi kati yetu wangeliacha gari lenye bendera kwa ajili ya marehemu asiyeweza kuwalipa?)

Mwaka 1991, akikaribia miaka 70, alikuwa mmoja wa waasisi sita wa FORD. Desemba hiyo kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Tarehe 14 Agosti 1992 alifariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London, miezi minne kabla ya uchaguzi alioupigania.