Kijiko Kiacheni Jikoni

 

Hotuba niliyoandikiwa imesifu kila mtu, nikiwemo mimi. MC atawasomea baadaye.

Mimi nataka tuzungumzie kifafa. Baadhi yenu, wanajeshi wastaafu, mlivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi ilipoanza. Wapo waliorudi na mikono na miguu yote, kumbe bomu la barabarani lilitikisa ubongo. Jeraha hilo lina subira. Kifafa chaweza kuja miaka baadaye, mtu ameshastaafu, yuko kwenye mahindi yake. Majirani wanasema kaja na majini ya Somalia!

Sajini mmoja mstaafu, jina nalihifadhi, alianguka penye mashine ya kusaga unga. Wanaume wakatoroka povu. Mama mmoja akabaki, akamtia kijiko kinywani. Jino likavunjika. Mama, huruma yako naipongeza, lakini kijiko kiache jikoni. Mlaze ubavu, ondoa vyenye ncha, tazama saa. Dakika 5 zikipita, tafuta gari la hospitali. Na povu haliambukizi kifafa.

Ninyi wenzake, nitawakaripia kidogo. Mwenzenu akifa, mnafika bereti zimenyooka, jeneza mnalibeba kwa hatua moja. Akiwa hai, anaona haya kutoka nje, nani humtembelea? Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini dawa ni ya kila siku. Ikikatizwa ghafla kwa kukosa nauli ya kuifuata mjini, kifafa hurudi kwa kishindo. Basi vyama vyenu vinavyochangia matanga vichangie na nauli. Na mkewe apumzishwe. Amekuwa nesi na askari wa zamu bila mshahara.

Sheria ya wanajeshi wastaafu tunayo tangu 2022. Ombi lenu la kliniki hapa Kitale, naona mwenyekiti ameketi wima, nimelisikia. Nitalifikisha panapohusika, bajeti ikiruhusu, tutaangalia. Kwenye nauli nami nitaweka mkono. Kiasi gani? Msaidizi wangu atanong'ona na mweka hazina, kamera zikizimwa.

Kwa hayo machache, natangaza mkutano huu umefunguliwa rasmi. MC, daktari aje, na asiongee kama mimi.