Tumaini Katika Jumuiya: Tuliyempokea na Tuliyemnyamazia

Mazungumzo kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Murusagamba





Kamati ya Haki na Amani imenitaka nizungumze juu ya tumaini wakati wa shida. Nilipopewa kazi hiyo niliiona nyepesi, kwa kuwa katika miaka yangu ya uongozi nimesema juu ya tumaini katika misiba mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini nilipokaa kuandika, kila nilipoanza nilimkumbuka mtu mmoja ambaye siku aliyolihitaji tumaini letu hakulipata. Nitasema juu yake kwa idhini yake. Jina lake silitaji, ingawa wengi wenu mtamjua.

Hata hivyo, yafaa kwanza vijana wajue tulikotoka. Sisi wa Murusagamba tunakaa kando ya mpaka, na shida ya Burundi haitufikii kwa redio tu. Hutufikia kwa miguu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa huko Burundi, na baada ya siku chache njia zetu zilijaa watu. Walikuja na mkeka, na mbuzi mmoja, na mtoto mgongoni. Mashirika yalikuwa hayajafika. Walilala katika majiko yetu na juu ya mabenchi ya kigango, na mama zetu walipika maharage yaliyokuwa yamewekwa kwa mbegu. Hakuna aliyeitisha mkutano ili kuamua kama wapokewe. Lugha yao tuliielewa, na baadhi yao walikuwa wakwe zetu.

Miezi michache baadaye ikaja Rwanda. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Benaco, mahali palipojulikana kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka mji wa maturubai usio na mwisho. Wilayani Ngara wageni wakawa wengi kuliko wenyeji. Mto Kagera ulileta maiti, na waliokaa kando yake wanajua kwa nini kwa muda mrefu samaki hawakulika. Vilima vilibaki vitupu kwa kukatwa kuni, na mwizi wa mahindi hakujulikana kama ni mgeni au ni jirani wa siku zote. Sipendi tuzungumze juu ya miaka ile kana kwamba sote tulikuwa Wasamaria wema. Wapo waliopata riziki kambini kwa kazi na biashara, na wapo waliopoteza mashamba. Na miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia kuuawa, na walikuwamo pia waliokwisha kuua.

Siku hizohizo Maaskofu wa Afrika walikuwa Roma katika Sinodi iliyofunguliwa tarehe 10 Aprili 1994, na neno walilotuletea kutoka huko ni kwamba Kanisa ni Familia ya Mungu. Wakati neno hilo linatamkwa, Wakristo wa Rwanda walikuwa wakiuana, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Walikuwa wamebatizwa kama sisi. Waliimba kama sisi. Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka yote hii: Ubatizo ule ulikuwa umeshika wapi? Sina jibu la kitaalamu. Ninachojua ni kwamba mtu anaweza kusali miaka ishirini pamoja na jirani yake bila kuukubali mzigo wa jirani huyo kuwa wake.

Kuhusu jambo hilo jimbo letu lilikuwa na mwalimu. Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alipenda kufundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili tukae tukiutegua kama kitendawili, bali ili tuuige maisha yake, yaani kushirikishana kila kitu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokazia Jumuiya Ndogo Ndogo katika mkutano wao wa mwaka 1976, hapa kwetu neno hilo halikuwa geni. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukufundishwa.

Sasa nirudi kwa yule mama.

Alivuka mwaka 1993 akiwa msichana. Wengi wa wenzake walirudi kwao. Yeye alibaki, kwa sababu kwao hakukuwa na wa kumrudia. Mwaka 1997 aliolewa na kijana wa hapa, kwa posa na mahari, na ndoa yao ilifungwa kanisani. Walizaa watoto watatu. Katika jumuiya yetu hakuna aliyejua nyimbo kuliko yeye. Mume alifariki mwaka 2009, na mtoto wa mwisho alikuwa hajaanza shule.

Mwezi Julai 2013 ilitangazwa kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke katika muda wa wiki mbili, na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Nataka niwe mwadilifu katika kusema hili. Ujambazi ulikuwapo, na silaha za vita zilikuwa zimezagaa. Mabasi ya barabara ya Biharamulo yalikuwa yakisindikizwa na askari, na tuliwazika watu waliouawa njiani. Serikali ilikuwa na wajibu wa kulinda raia. Lakini kimbunga hakichagui jani. Walioguswa hawakuwa majambazi peke yao. Walikuwamo wazee waliokaa nchini kwa miongo mingi, na wake za watu, na watu ambao kosa lao lilikuwa ni kukosa karatasi.

Mtu mmoja wa jumuiya yetu alikwenda kumtaja yule mama. Sababu ilikuwa mpaka wa shamba. Mtu huyo alikwisha kuomba msamaha, nami sitamrudia. Mama alipopata habari aliondoka usiku, akavuka na mtoto wa mwisho mgongoni, akawaacha wakubwa wawili kwa baba yao mdogo.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya jumuiya. Tulikutana kama kawaida. Kigoda chake, ambacho alipenda kukiweka karibu na mlango ili apate mwanga wa kusomea nyimbo, kilikuwa pale, nacho kilikuwa kitupu. Wote tulijua. Nilikuwa mwenyekiti. Nilianzisha wimbo, nao ukaimbwa vibaya kwa sababu mwimbishaji hayupo. Injili ikasomwa. Nikauliza, kama tunavyouliza siku zote, ni neno gani limemgusa mtu. Mmoja alisema juu ya uvumilivu. Mwingine aliombea mvua. Tuliombea wagonjwa, na wasafiri, na amani ya dunia nzima. Jina lake halikutajwa. Nami sikulitaja, kwa maana niliogopa kwamba atakayelitaja ataulizwa: Wewe nawe bibi yako alizaliwa upande gani wa mto? Na bibi yangu, ndugu zangu, hakuzaliwa upande huu.

Nikafunga sala. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma na ambaye katika mikutano huwa hasemi, akaniambia, "Mwanangu, hujamaliza. Maharage ya yule nani atayapalilia?"

Nilimjibu, "Mama, hilo tutaliangalia."

Akasema, "Mimi nitakwenda kesho. Jembe langu halina mpini mzuri. Mwenye mpini anipe."

Hakuna aliyemjibu, ila kesho yake tulimkuta shambani watu saba. Sikuwa na haja ya kuwahimiza, wala sidhani ningeweza. Tulipalilia, na ulipofika wakati tukavuna. Nusu ikawa chakula cha wale watoto wawili na nusu ikauzwa kwa sare na madaftari. Jumuiya ya jirani ilisikia, ikaleta mihogo. Wako waliosema kwamba tunamlimia mgeni. Ilichukua msimu mzima kabla jina lake halijarudi katika sala zetu, na lilirudi kwa kinyume cha nilivyofundishwa: majembe yalitangulia na sala ikafuata. Namwachia Padre aseme kama huo ni utaratibu mzuri.

Mliosikiliza Redio Kwizera, iliyoanzishwa huku Ngara mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, mnalijua neno hilo. Katika lugha za majirani zetu kwizera ni kuamini, na pia ni kutumaini. Neno ni hilo hilo moja. Kiswahili kinatupa maneno mawili, nasi tumezoea kuyatenganisha: imani siku ya Jumapili, tumaini tukipata nafasi. Yule mama aliniambia baadaye kwamba huko alikokuwa alipashwa habari na wachuuzi wa mpakani kuwa shamba lake linalimwa. Alisema hakupata chakula kwa habari ile, wala karatasi, lakini aliacha kusema kwamba hana kwao.

Alirudi mwaka 2014, akapita mpakani Kabanga kwa njia ya halali, na tangu hapo shauri la kibali chake limekuwa la kwenda na kurudi. Hapa naomba mniruhusu nitoke kidogo katika mada, kwa kuwa nyumba nyingi zetu zina ndoa za namna hiyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke wa nchi nyingine aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia. Haimpi bila kuomba. Msidhani cheti cha ndoa peke yake kinatosha, wala miaka mingi ya kukaa kijijini. Aliye na mume hai na aombe sasa, mume akiwapo wa kusimama naye, kwa sababu mjane hubaki akieleza peke yake. Na mtoto aliyezaliwa Tanzania, ambaye baba yake au mama yake ni raia, ni raia. Hilo hapewi kwa huruma ya mtu.

Mnakikumbuka Kitabu cha Ruthu. Mjane Mmoabu alimfuata mama mkwe wake Betlehemu, akaokota masuke nyuma ya wavunaji. Sisi huishia hapo, tukimsifu kwa uaminifu wake. Lakini shauri lake halikumalizika shambani. Boazi alikwenda kwenye lango la mji, mahali pa mashauri, akaketisha wazee kumi wa mji, na mbele yao jambo likasemwa wazi, nao wakakubali kuwa mashahidi. Mathayo anamtaja mwanamke huyo mgeni katika ukoo wa Bwana wetu. Wale wazee kumi hawatajwi majina. Pengine walikuwa na kazi zao siku ile, na pengine mmoja aliona tabu kuacha shamba.

Nimesema habari hii kwa sababu lango letu lipo. Yule mtoto aliyebebwa mgongoni usiku ule amemaliza kidato cha nne. Anahitaji kitambulisho cha taifa, kwani bila hicho milango mingi hufungwa. Ameulizwa habari za baba yake, na baba yake yumo kaburini tangu mwaka 2009. Ameambiwa alete watu wanaojua.

Tunaojua ni sisi. Najua baadhi yenu mnaogopa kutia sahihi. Wameniambia, na siwalaumu, maana mimi niliogopa kabla yao. Hatuendi kusema uongo. Hatutasema kwamba mama amezaliwa hapa, kwa kuwa hakuzaliwa hapa, naye mwenyewe hataki tuseme hivyo. Tutasema tuliyoyaona: baba wa kijana huyu alizaliwa kijiji hiki, babu yake amezikwa kijiji hiki, na yeye alizaliwa katika nyumba ambayo baadhi yetu tuliikandika udongo. Padre amekubali kutoa nakala ya daftari la ubatizo na ya daftari la ndoa. Mwenyekiti wa kitongoji ameahidi kuwapo.

Tutaondoka hapa kanisani siku ya Alhamisi saa moja asubuhi, kwa miguu, kwenda ofisi ya kijiji. Kila mmoja achukue kitambulisho chake. Wanaotakiwa hasa ni wazee wawili waliokuwapo siku mahari ilipotolewa. Mmoja amekwisha kunijia jana jioni. Wa pili yumo humu ndani, naye anajua. Nitakuwa pale nje chini ya mti mpaka chai iishe.